Kiwambo na Kumbukumbu: Juu ya Maneno ya Nyimbo Yaangazwayo Ukutani katika Ibada za Mbeya na Iringa

Utangulizi

Nchi yetu haina dini, lakini watu wake wanazo dini zao. Palipo na watu wasalio pamoja huwapo pia lugha, ushairi na muziki, na hivyo vitatu ni mali ya utamaduni wa taifa zima. Kwa sababu hiyo mhakiki haingilii mambo ya imani anapouliza jinsi wimbo unavyoimbwa kanisani. Anauliza jambo lililo lake: wimbo umetungwaje, umehifadhiwa wapi, nani mwenye wimbo huo, na utarithiwa na nani.

Maswali haya yamepata uzito mpya katika mikoa ya Mbeya na Iringa. Katika makanisa kadhaa ya mijini maneno ya nyimbo hayasomwi tena kitabuni. Yanapangwa katika kompyuta, yanarushwa kwa projekta juu ya kiwambo cheupe au ukuta uliopakwa rangi, na mahali pengine yanaonekana katika runinga kubwa zilizotundikwa mbele ya waumini. Watu huinua macho, husoma, huimba. Walio wengi hulihesabu jambo hili kuwa ni la ufundi tu, sawa na kuacha taa ya mafuta kwa kupata taa ya umeme. Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba sivyo. Kiwambo hakiubebi wimbo jinsi kitabu kilivyoubeba, wala jinsi kumbukumbu ya watu ilivyoubeba. Nacho kinapochukua nafasi ya hivyo viwili bila kuongozwa, humfanya mwimbaji abaki msomaji.

Vyombo vya kubebea wimbo

Yafaa tuanze kwa kukumbuka kwamba kitabu chenyewe kilikuwa mgeni. Wamisionari wa Kimoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa ambalo wazee wake walichapa kitabu cha nyimbo mjini Prague mwaka 1501, miaka 16 kabla ya Martin Luther kuanza matengenezo yake. Wamisionari wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka huo huo wa 1891, kisha wakaenea Ubena na Uhehe, nao walikuja na nyimbo za Luther na za warithi wake. Wabenediktini walioanzisha misheni ya Tosamaganga, karibu na Iringa, walikuja na Misa ya Kilatini. Kwa hao wote wimbo wa ibada ulikuwa kitu kilichokwisha kuandikwa.

Wenyeji walikuwa na chombo kingine. Wimbo wa Mhehe, Mbena, Mnyakyusa au Mnyiha ulikaa kichwani, kifuani na miguuni. Mwimbishaji alitoa neno, kundi likaitikia, na neno la pili lilitegemea namna lile la kwanza lilivyopokewa. Hugh Tracey alipopita Iringa mwaka 1950 akirekodi muziki wa ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, alinasa sanaa ambayo shule yake ilikuwa sikio na maktaba yake ilikuwa watu.

Vyombo hivyo viwili havikukaa mbalimbali kwa muda mrefu. Huko Mbozi, ambako sasa ni Mkoa wa Songwe lakini hadi mwaka 2016 kulikuwa sehemu ya Mbeya, mmisionari Mmoraviani Traugott Bachmann aliona kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kwamba Mnyiha haimbi kwa moyo wake wote katika lahani ya Kijerumani, akaruhusu lahani za Kinyiha ziingie katika ibada. Kwa jirani zetu wa Peramiho, Padre Stephen Mbunga alitunga Misa kwa Kiswahili na kwa muziki wa Kiafrika hata kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungua mlango huo rasmi mwezi Desemba 1963. Naye Howard Olson, aliyefundisha katika chuo cha Kilutheri cha Makumira, alikusanya lahani za makabila mbalimbali katika kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu. Kazi za watu hao zafundisha jambo moja: kitabu kilipokubali kujifunza kwa kumbukumbu, wimbo ulinawiri.

Hapo lazima tumtaje mwalimu wa kwaya. Yeye ndiye aliyeandika maneno na noti za solfa ubaoni, wanakwaya wakanakili katika madaftari yao, kila sauti ikafundishwa peke yake: soprano, alto, tena na besi, mpaka zote nne zikaungana. Kwa hiyo si kweli kwamba kiwambo ndicho cha kwanza kuinua macho ya waimbaji kuelekea ukutani. Ubao ulitangulia. Tofauti ni kwamba maneno ya ubaoni yaliandikwa ili yahamie daftarini na kichwani. Yakisha kuhama, ubao ulifutwa. Maneno ya kiwambo hayahami. Wiki ijayo yataangazwa tena, na mtu hana sababu ya kuyachukua kwenda nayo nyumbani.

Nyimbo za aina tatu, hukumu tatu

Ingekuwa kosa kukitolea kiwambo hukumu moja, kwa kuwa nyimbo za ibada si za aina moja. Tuzitazame aina tatu, tukipima fani na maudhui ya kila moja.

Aina ya kwanza ni tenzi za kitabuni, kama zile za Mwimbieni Bwana cha Walutheri, au Tenzi za Rohoni ambazo zimevuka mipaka ya madhehebu. Utenzi wa namna hii hujengwa kwa beti, na maudhui yake hutembea: ubeti wa kwanza huweka jambo, wa pili hulipanua, wa mwisho hulifunga. Mwenye kitabu huuona wimbo mzima kwa mara moja. Anajua ametoka wapi na amebakiza nini. Aona namba, na katika vitabu vingi aona pia asili ya lahani. Kiwambo humpa kipande tu, mishororo miwili au minne, kisha humnyang'anya na kumpa kingine. Mbaya zaidi, mara nyingi mishororo hukatwa kwa kufuata upana wa kitambaa, si kwa kufuata mizani. Wajuzi wa ushairi wetu wanaelewa maana ya kituo kati ya ukwapi na utao. Pumzi ya mwimbaji hukaa hapo. Neno linapovunjwa mahali pasipo kituo, jicho husimama pale ambapo lahani inataka kuendelea, na waumini mia tatu hupumua mahali pasipofaa. Tena noti hazimo, na mwenye kuimba alto au besi hapati msaada wowote. Kizazi kilichofundishwa sauti hizo zamani kitaendelea kuziimba. Kizazi kitakacholelewa na kiwambo peke yake kitaimba sauti moja, ile ya mwongozaji mwenye kipaza sauti.

Aina ya pili ni mapambio. Hapa kiwambo hakina kazi ya kufanya, na ndipo kinapoleta hasara kubwa zaidi. Pambio ni mtoto wa ngoma zetu kwa fani yake: lina mwito, lina kiitikio, na lina nafasi ya mwimbishaji kubuni papo kwa papo. Anaweza kutaja msiba uliotokea kijijini juma hilo, mvua iliyochelewa, au vijana wanaoondoka kwenda kutafuta kazi. Waitikiaji hawahitaji kusoma, kwani sehemu yao ni fupi na hujirudia. Maneno ya mwimbishaji yakisha kupangwa katika kompyuta siku ya Jumamosi, ya Jumapili hayana pa kuingilia. Akibuni, maneno ya ukutani yatamsuta, na watu watasita kati ya kumsikiliza na kusoma. Kidogo kidogo ataacha kubuni. Hivyo ndivyo sanaa ya kubuni papo kwa papo, ambayo Bachmann aliikuta hai, inavyoweza kufa bila mtu yeyote kuikataza.

Aina ya tatu ni nyimbo zinazoimbwa na kwaya peke yake, wengine wakisikiliza. Hapa kiwambo ni rafiki wa kweli. Kwaya zetu hutunga mashairi marefu yenye visa, mafumbo na maonyo, lakini vipaza sauti na vinanda vya umeme mara nyingi huyazamisha. Msikilizaji akiyaona maneno ataupata ujumbe, ataweza kuupima, na ataheshimu kazi ya mtunzi. Kiziwi naye, ambaye kwa miaka mingi aliketi ibadani akitazama midomo tu, hupata fungu lake.

Wanaopata na wanaopoteza

Watetezi wa kiwambo wanayo hoja ambayo haifai kupuuzwa. Kitabu ni cha mwenye fedha, wanasema, na kiwambo ni cha wote. Ni kweli. Ijapokuwa karatasi imetengenezwa Mgololo, wilayani Mufindi, tangu miaka ya 1980, si kila nyumba ya Mufindi ina kitabu cha nyimbo. Mtoto wa maskini na mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza wote husoma mahali pamoja na mwenye kitabu chenye jalada la ngozi.

Tena hoja hiyo yaweza kuunganishwa na fahari ya taifa. Mwaka 1967 takriban watu wazima 67 kati ya 100 katika nchi yetu hawakujua kusoma na kuandika. Baada ya kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, hesabu ya Serikali ya mwaka 1986 iliwakuta chini ya 10 kati ya 100. Mkusanyiko mzima unaosoma ukutani kwa Kiswahili ni matunda ya kazi hiyo.

Lakini kuna wanaopoteza. Wapo akina bibi ambao hawakuwahi kusoma vizuri, au ambao macho yao yamechoka. Katika utaratibu wa zamani hao walikuwa walimu. Walizijua beti zote kwa moyo. Kitabu kilipokosekana, wao ndio waliokuwa kitabu. Kiwambo, kwa kuwa hurahisisha kuleta wimbo mpya kila juma, kimewafanya wageni katika nyumba yao wenyewe. Husimama, hupiga makofi, midomo imefungwa. Jamii inayowanyamazisha wazee wake wakati wa kuimba imejifungia ghala ya lugha.

Jambo jingine ni Kiswahili chenyewe. Kitabu hupita mikononi mwa mhariri kabla ya kuchapwa. Maneno ya kiwambo huandikwa na kijana mmoja, kwa haraka, bila msahihishaji. Matokeo yake twayaona: “nina kupenda” badala ya “ninakupenda”, “akuna” badala ya “hakuna”, r ikikaa mahali pa l. Makosa hayo huonyeshwa kwa herufi kubwa mbele ya watoto, nao huyachukua kuwa sahihi kwa kuwa wameyaona kanisani. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa mwaka 1967 ili lugha hii ikuzwe kwa utaratibu. Halitaweza kukaa katika kila chumba cha kompyuta, lakini wenye makanisa wanaweza.

Vilevile jina la mtunzi hutoweka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mtunzi haki ya kutajwa pamoja na kazi yake, na heshima ya kawaida hudai hivyo hivyo. Wimbo usio na jina la mtunzi hugeuka kuwa mali isiyo na daftari, nasi twajua mali ya namna hiyo hupoteaje.

Mapendekezo

Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alisikitika kwamba waliosoma walijua kucheza rumba kuliko gombe sugu au kiduo. Hakusema tufunge milango. Alitaka tupokee cha wengine tukiwa na chetu mkononi. Kwa kufuata njia hiyo twaweza kusema yafuatayo.

Kwanza, tenzi ziangazwe kwa beti nzima, zikiwa na namba ya kitabuni na jina la mtunzi, na mishororo ikatwe kwa mizani. Pili, wakati wa mapambio kiwambo kizimwe, mwimbishaji arudishiwe uwanja wake. Tatu, nyimbo za kwaya ziangazwe kikamilifu. Nne, kila kanisa lenye kiwambo liteue mtu mzima mwenye kujua Kiswahili ayasahihishe maneno kabla ya ibada. Tano, mafunzo ya solfa na ya sauti nne yaendelee, kwa vijana hasa.

Lipo na la sita, ambalo laweza kukigeuza kiwambo kuwa neema. Gharama ya kuchapa kitabu cha nyimbo kwa Kibena, Kihehe au Kinyiha ni kubwa, na wanunuzi ni wachache. Kompyuta haina gharama hiyo. Nyimbo za wazee zinaweza kuandikwa kutoka vinywani mwao, zikaangazwa kwa lugha yao na Kiswahili pembeni, watoto wakaziimba na bibi akafumbua mdomo tena.

Hitimisho

Kipimo cha jambo hili ni chepesi, nacho hutokea chenyewe mara kwa mara. Umeme hukatika katikati ya wimbo. Kiwambo hugeuka kitambaa. Kanisa ambalo lingali na kumbukumbu huendelea hadi ubeti wa mwisho, besi zikiwa mahali pake, wala halioni kwamba kuna kilichopungua. Kanisa ambalo limekwisha kuikabidhi kumbukumbu yake kwa mtambo hunyamaza, likangoja jenereta. Viongozi wa ibada, walimu wa kwaya na maofisa utamaduni wa Mbeya na Iringa wasingoje giza ndipo wajue kanisa lao liko upande gani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu amekwisha kufika na ameketi mahali pa mbele. Sasa ni kazi ya wenyeji kumwonyesha kazi za nyumba hii.