Jina Liko Mgongoni

Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954, akaletwa Uingereza angali mchanga. Mwaka 2017 alitunukiwa Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kwetu sisi, kazi yake kubwa ni Naming the Money ya mwaka 2004: watu 100 wa mbao, kimo cha binadamu, watumwa wa Kiafrika katika majumba ya Ulaya. Wamo wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi. Mgongoni mwa kila mmoja kuna hati ya hesabu: jina lake la asili, jina alilobandikwa, kazi aliyoifanya kwao na anayoifanya sasa.

Mtu aweza kusema rangi zinang'aa mno kwa msiba kama huu. Hatukubali. Mtumwa alipambwa ili bwana aonekane tajiri. Nasi watu wa kanga twajua: pambo huvuta macho, lakini lisemalo ni jina.

Watoto wetu huku hukatwa majina shuleni kwa kuwa eti hayatamkiki. Kazi hii ikionyeshwa tena, ndugu wasomaji, tuwapeleke. Wazunguke nyuma, wasome.