Aliyekuwa Akituchagulia Vitabu

Kitabu kilipofika mikononi mwake, Papa Mwalimu hakushughulika na jalada. Alilifunua, akaruka jina la kitabu na jina la mwandishi, akatua kwenye ukurasa wa maandishi madogo ambao wengi wetu hatujawahi kuutupia jicho. Alikuwa anamtafuta mfasiri. Na akishampata, alitafuta kujua kazi ilitoka lugha gani: moja kwa moja kwenye Kijapani, au ilipitia kwanza Kiingereza? Zile riwaya nne za Mishima Yukio zinazojulikana kama Bahari ya Rutuba ziliingia Kifaransa kutoka tafsiri ya Kiingereza. Mwalimu alikuwa nazo nyumbani na alizipenda, lakini hakutuletea hata moja. Habari iliyopita midomo miwili, alisema, unaisikiliza tu, huwezi kuibishania. Na sisi tulikutana ili tubishane.

Tulikutana kusoma Jumapili baada ya ibada, barazani kwa mmoja wetu huku Mudzi Pela, mjini Bunia, mashariki mwa Kongo: muuguzi, mshonaji, makatekista wawili, karani, wanafunzi wa Institut Supérieur Pédagogique, na mzee mmoja mfuga samaki aliyekuja kwanza kwa ajili ya chai kisha akashindwa kuacha. Wahema walikuwemo, Walendu walikuwemo, Wanande, Waalur na Wabira pia. Kila aliyekuwa na umri wa kukumbuka alikumbuka Bunia ya Mei 2003, wakati wa mapigano ya Wahema na Walendu, na kila mmoja aliikumbuka kutokea upande wa barabara alipokuwa amejificha. Katika baraza kama hilo huwezi kuweka mezani riwaya inayotaja Bogoro au Nyankunde, palipouawa watu, na ukatumaini kwamba watu watazungumzia riwaya.

Ndiyo maana aliigeukia fasihi ya Japani. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na ndugu kule, wala shamba, wala kaburi. Mtu angeweza kumlaumu mjomba wa kwenye hadithi kwa sauti kubwa na jirani yake asigeuze shingo. Lakini umbali peke yake haukumtosha. Alitaka nchi ya mbali ambayo vita vyake tungevitambua, na waandishi wasio na haraka ya kutuambia tuhisi nini. Kwa macho yangu hakuna fasihi inayojua kunyamaza vizuri kuliko ile, na Bunia ni mji unaoelewa kimya.

Alikisoma kila kitabu mara mbili kabla hatujakisikia. Mara ya kwanza kwa ajili yake. Mara ya pili alisoma na nyuso zetu mbele yake, akiwa na kipande cha penseli, akiweka nukta ndogo pembeni pale alipohisi kwamba fulani atasimama. Aliyoyakataa yalikuwa mengi kuliko aliyoyaleta. Ukimya ya Endo Shusaku, riwaya ya 1966 kuhusu wamisionari na Wakristo walioteswa Japani katika karne ya 17, aliizungusha mikononi muda mrefu. Kwa mji wenye makanisa mengi kama wetu, nani asingeiona kuwa ndiyo yenyewe? Aliirudisha rafuni. Alisema makatekista wale wawili wangeisoma kama mtihani wa imani, kila mmoja akimsahihisha mwenzake, na padri wa kwenye hadithi asingepata mtu wa kukaa naye. Aliileta baadaye sana, walipokuwa wamezoeana, na hata hapo aliomba kwanza idhini yao.

Chaguo lake kubwa lilikuwa Mvua Nyeusi ya Ibuse Masuji. Ibuse mwenyewe alikuwa mtu wa mkoa wa Hiroshima, na alikitunga kitabu akitumia shajara za watu waliokuwepo. Kilitoka kwanza jaridani kati ya 1965 na 1966. Nakala yetu ilikuwa ya Gallimard, kazi ya Takeko Tamura na Colette Yugué, na mwalimu alituomba tuyasome majina hayo mawili kwa sauti kabla ya kuanza. Kisha akatukumbusha jambo ambalo shuleni tulilipita haraka: sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika mradi wao wa bomu ilichimbwa Shinkolobwe, kule Katanga. Tarehe 6 Agosti 1945 udongo wa Kongo ulikuwa angani juu ya Hiroshima. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida na kufungua ukurasa wa kwanza. Sisi ambao mababu zetu walipelekwa kwenye dhahabu ya Kilo hatukuhitaji maelezo zaidi kuhusu madini yanayoondoka.

Lakini hakukichagua kwa sababu ya urani. Alikichagua kwa sababu ya binti. Yasuko amefikia umri wa kuolewa, na kila posa inayokuja inakwama, maana watu wananong'ona kwamba siku ya bomu alikuwa mjini na mwili wake una ugonjwa. Mjomba wake anakaa kunakili shajara za siku zile, ukurasa baada ya ukurasa, ili mshenga apate ushahidi kwamba binti ni mzima. Na kadiri anavyonakili ndivyo yale yaliyotokea yanavyozidi kujitokeza. Mshonaji wetu, mama ambaye kwa kawaida alisikiliza akiwa na sindano mkononi, alizungumza juu ya Yasuko jioni nzima. Hakumtaja mtu yeyote wa Bunia. Hakuna aliyehitaji kutajiwa. Mfuga samaki naye alishikilia mahali ambapo wagonjwa wa bomu, walioambiwa wasifanye kazi nzito, wanachekwa kijijini kwa kukaa wakivua, kisha wanaamua kufuga samaki bwawani. Alituuliza iwapo tunajua uchungu wa mtu mzima kuonekana mvivu. Nukta ya penseli ilikuwepo pembeni ya mstari ule. Niliiona mwenyewe kitabu kiliponifikia.

Kitabu kilikuwa kimoja, na sisi tulikuwa zaidi ya kumi. Vitabu vya Kiingereza vinafika kwetu kutoka Kampala. Vya Kifaransa vinasubiri ndege ya Kinshasa au sanduku la mtu. Hapo ndipo nilipoiona kazi ya mkono. Aliupasua mgongo wa kitabu kwa wembe, polepole, akifuata gundi ya zamani, akakigawa mafungu. Kila fungu alilitoboa kwa sindano ya fundi viatu, matundu matatu, akalishona kwa uzi uliopakwa nta na kulivisha karatasi ya kaki. Nyuma aliandika jina la msomaji na siku ya kumpa anayefuata. Hakuna aliyechelewesha, kwa kuwa aliyechelewesha alikuwa anamzuia mtu anayemfahamu kwa sura. Nchi ya Theluji ya Kawabata Yasunari tuliisoma vivyo hivyo, kwa mafungu, na mwalimu alifurahi kutueleza kwamba Kawabata mwenyewe aliitoa kwa vipande majaridani kuanzia 1935, na haikukamilika kuwa kitabu hadi 1948. Miaka 20 baadaye alipewa Nobel.

Sasa macho ya Papa Mwalimu yameingia mtoto wa jicho, na baraza linachagua kwa simu. Mtu anatuma picha za majalada, tunabonyeza, lenye kura nyingi linashinda. Ni paka, ni vikombe vya kahawa, ni madirisha yenye mvua. Msimu uliopita ilishinda riwaya ya Kawaguchi Toshikazu kuhusu mkahawa wa Tokyo ambamo mteja anaweza kurudi siku zilizopita. Sina ugomvi na riwaya hiyo. Katika mji wetu wapo wengi ambao wangelipa chochote kwa kiti katika mkahawa ule. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna aliyekuwa ameisoma kabla ya kutuletea. Ilitumwa kwenye kundi usiku, kurasa zikiwa zimetafsiriwa na mashine, bila jina la mfasiri kwa kuwa mfasiri hakuwepo. Tulipokutana, wanne ndio walikuwa wameifungua. Tulizungumza juu ya bei ya mafuta tukaenda zetu. Kosa si la vijana peke yao. Sisi tuliokula matunda ya kazi yake kwa miaka mingi hatukuwahi kumwambia atufundishe anavyoifanya.

Kwenye meza za wauza vitabu wa Bunia sijawahi kukuta riwaya ya Kijapani kwa Kiswahili. Nyerere alimpa Shakespeare Kiswahili mwaka 1963, na Shujaa Okonkwo, riwaya ya Kinigeria iliyotafsiriwa, anasomwa tangu 1973. Lugha hii inaweza kubeba Hiroshima bila kutetereka. Nawaomba walimu wa Bunia, Bukavu na Lubumbashi wanaomudu Kifaransa na Kiswahili, na hata zaidi wale wachache waliosoma Kijapani: anzeni kuitafsiri Mvua Nyeusi. Mama mshonaji anasoma Kifaransa kwa shida, na dada zake hawakisomi kabisa. Wao ndio wanaomjua Yasuko kuliko sisi sote.