Upendeleo Uliofichika katika Vipimo vya Kasi ya Programu: Uhakiki wa Mytkowicz na Wenzake (2009)

Makala ya Mytkowicz, Diwan, Hauswirth na Sweeney, iliyowasilishwa katika kongamano la ASPLOS mwaka 2009, inachunguza swali linaloonekana jepesi: je, uboreshaji wa kiwango cha O3 katika kompaila ya gcc huifanya programu iende kasi kuliko kiwango cha O2? Waandishi wanaonesha kwamba jibu hubadilika kutokana na mambo yasiyohusiana na swali lenyewe, yaani ukubwa wa vigeu vya mazingira katika mfumo wa Unix na mfuatano wa mafaili yanapounganishwa. Vigeu hivyo huwekwa kwenye kumbukumbu kabla ya programu kuanza. Ukubwa wake ukibadilika, anwani za data za programu husogea, na muda ambao prosesa hutumia kuzifikia unaweza kubadilika pia.

Mchango mkubwa wa makala hii ni wa kimbinu. Kurudia jaribio mara mia katika mpangilio uleule hupunguza mtawanyiko wa matokeo, lakini hakuondoi upendeleo. Namba zinazokaribiana huthibitisha uthabiti wa mpangilio, si ukweli wa hitimisho. Katika makala 133 za kitaaluma walizozipitia, waandishi hawakukuta hata moja iliyolishughulikia tatizo hili ipasavyo.

Udhaifu umo katika tiba. Waandishi wanapendekeza mipangilio ibadilishwe kwa nasibu. Curtsinger na Berger (2013) waliendeleza wazo hilo kwa kuunda Stabilizer, inayopangua kumbukumbu upya programu ikiwa inaendeshwa. Kwa kompaila ya LLVM, walibaini kwamba faida ya O3 juu ya O2 haikutofautishika na matokeo ya bahati tu. Hata hivyo, nasibu hugusa yale tu ambayo mtafiti amekwisha kuyatambua.

Chumba chenyewe, mathalani, hakimo. Prosesa nyingi za kisasa hujipunguzia kasi joto linapozidi. Ichukuliwe kwamba programu mbili zinapimwa Mkumbara, katika tambarare ya joto chini ya milima ya Usambara: ya kwanza asubuhi, ya pili saa nane mchana. Kila moja inaweza kutoa namba zinazokaribiana, na bado tofauti baina yake ikawa ya jua, si ya msimbo. Ofisi itakayochagua programu kwa kutegemea jedwali hilo itakuwa imenunua hali ya hewa ya asubuhi.

Kwa hiyo, tasnifu inayolinganisha kasi haina budi kupishanisha majaribio ya programu zote kwa nasibu katika siku nzima, na kuripoti joto la chumba pamoja na kasi ya prosesa katika kila jaribio. Mtahini anayeridhika na wastani na mtawanyiko mdogo pekee hajaonyeshwa bado kilichopimwa.