Kujiuzulu, Toba na Ukombozi: Uhakiki wa Kielelezo cha Shinyanga katika Mahubiri Yetu

Utangulizi

Miongoni mwa visa vya historia ya nchi yetu vinavyofaa kuletwa mimbarani, kimojawapo ni kile kilichotokea Shinyanga na Mwanza katika miaka ya 1976 na 1977. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa makosa ambayo hakuyatenda kwa mkono wake. Ni rahisi kwa mhubiri kukisimulia kisa hiki na kuhitimisha hivi: kama waziri yule alivyobeba kosa la watumishi wake, ndivyo Kristo alivyobeba dhambi zetu. Hapo waumini huitikia "Amina", na ibada huendelea.

Makala haya yanakusudia kukihakiki kielelezo hicho. Hatuna nia ya kupunguza heshima ya Mzee Mwinyi, aliyefariki dunia tarehe 29 Februari 2024. Hoja yetu ni kwamba kielelezo kimewekwa mahali pasipo pake. Kikiwekwa Golgotha, kinaupunguza msalaba na kuwasahau waliokufa. Kikiwekwa mahali pake, kinatufundisha jambo ambalo mahubiri yetu ya neema yameliacha nyuma, na ambalo linahitajiwa sana katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita.

Kisa chenyewe

Yafaa kwanza kukumbuka chanzo cha mambo. Katika miaka ya 1970 mauaji ya wazee, hasa wanawake, yalizidi sana katika Usukuma. Mama aliyepika miaka mingi kwa kuni na samadi, macho yake yakawa mekundu kwa moshi, aliitwa mchawi. Ng'ombe akifa au mtoto akiugua, mpiga ramli aliulizwa, naye alitoa jina. Hesabu za Serikali zilionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, na sehemu kubwa yao walikuwa wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga.

Mwaka 1976 vyombo vya dola vilianza operesheni ya kukomesha mauaji hayo. Mamia ya watuhumiwa walikamatwa. Baadhi yao waliteswa ili wakiri, na wako waliofia mikononi mwa wale waliotumwa kulinda uhai. Habari zilipofika juu, mawaziri wawili, Mzee Mwinyi na Ndugu Peter Siyovelwa, walijiuzulu Januari 1977, pamoja na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga, Ndugu Peter Kisumo na Ndugu Marco Mabawa. Baadaye baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani. Mzee Mwinyi alipelekwa kuwa balozi nchini Misri. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Msomaji aone jinsi uchaguzi wa kimaadili ulivyokuwa katika jambo hili. Askari hawakuchagua uovu kwa kuupenda uovu. Walitaka kuwaokoa vikongwe. Walichagua njia mbaya kwa ajili ya mwisho mwema, yaani kosa lile lile ambalo Mtume Paulo analikataa katika Warumi 3:8. Nia njema haikuzuia matokeo. Damu iliyokusudiwa kuzuiwa iliongezewa damu nyingine.

Mahali kielelezo kinapokosea

Kasoro ya kwanza ni ya kimafundisho. Waziri anayejiuzulu hambadilishi mkosaji. Askari aliyetesa alibaki na hatia yake, na ilimpasa kusimama mbele ya hakimu. Kristo hakuachia cheo tu kwa sababu ya makosa ya watumishi wake. Alijitoa mwenyewe, akaifanya hatia yetu kuwa yake na haki yake kuwa yetu. Uwajibikaji wa kiongozi ni wa utawala wa dunia, ambao Ungamo la Augsburg, kifungu cha 16, linautambua kuwa ni mpango mwema wa Mungu. Ukombozi ni wa utawala wa Injili. Mhubiri anayezichanganya tawala hizi mbili huishia kuwa na Kristo mdogo na serikali kubwa mno.

Kasoro ya pili ni ya kichungaji, nayo ni nzito zaidi. Katika masimulizi ya namna hii, mtu mmoja tu ndiye anayeonekana: mkubwa aliyejiuzulu na kisha kuinuliwa. Waliofia mahabusu hawatajwi. Vikongwe ambao kwa ajili yao operesheni ilianzishwa hawatajwi. Kisa kinageuka kuwa hadithi ya mtu aliyeshuka akapandishwa, na msikilizaji anaondoka akidhani kwamba ukombozi maana yake ni kurudishiwa cheo. Lakini waliokufa hawakurudishiwa kitu. Mahubiri ya msalaba yanayomsahau aliyeuawa hayajauhubiri msalaba, kwa maana Aliyesulubiwa mwenyewe alikuwa upande wa waliouawa.

Mji ulio karibu na maiti

Je, tukitupe kielelezo? Hapana. Maandiko yenyewe yanakipatia nafasi, katika Kumbukumbu la Torati 21:1-9. Maiti ya mtu imeonekana kondeni, na aliyemuua hajulikani. Torati haisemi kwamba kwa kuwa mwuaji hajulikani jambo limekwisha. Wazee na waamuzi wanatoka na kupima umbali mpaka miji iliyo kandokando. Wazee wa mji ulio karibu kuliko yote wanateremka bondeni, wananawa mikono, wanakiri kwamba mikono yao haikuimwaga damu hiyo, na wanaomba damu isiyo na hatia isihesabiwe juu ya watu wa Mungu.

Wazee hawa hawajifanyi wakombozi. Hawasemi kwamba wamechukua dhambi ya mwuaji. Wala hawasemi kwamba maiti hiyo haiwahusu. Wanakubali kwamba ukaribu ni wajibu. Kujiuzulu kwa mwaka 1977 ni kwa namna hii. Lilikuwa tendo la wazee wa mji ulio karibu, nalo linapaswa kuheshimiwa hivyo. Tena lililofanywa na kiongozi Mwislamu laweza kutufundisha sisi Wakristo, kama vile Bwana wetu hakuona haya kumtumia Msamaria kumfundisha mwanasheria.

Tukiisoma Torati hivi, swali linahama. Haliwi tena "ni nani aliyebeba kosa kwa niaba yetu?" Hilo limekwisha kujibiwa pale Kalvari. Swali linakuwa "ni mji gani ulio karibu na maiti hii?" Katika ukanda wa dhahabu swali hilo halijibiwi kwa urahisi.

Mnyororo wa duara

Tangu miaka ya 1980 uchimbaji mdogo wa dhahabu ulienea kutoka Geita hadi Kahama. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000, na Bulyanhulu ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Mchimbaji mdogo hana mitambo ya kumwonyesha mwamba wenye dhahabu. Anashuka katika duara kwa kamba, anapeleka mawe karashani, anaosha kwa zebaki, na mara nyingi hapati kitu. Mahali ambapo mmoja anatajirika na mia wanarudi mikono mitupu bila sababu inayoonekana, biashara ya bahati hustawi. Mganga huuza ndagu, na ndagu huwa na masharti.

Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 masharti hayo yaliwafikia ndugu zetu wenye ualbino. Kufikia mwaka 2015, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, zaidi ya 70 walikuwa wameuawa nchini tangu mwaka 2000, wengi wao katika Kanda ya Ziwa. Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto wa miaka 14 huko Bukombe, wilaya iliyokuwa Mkoa wa Shinyanga na ambayo tangu mwaka 2012 ni ya Mkoa wa Geita. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza katika mauaji ya namna hiyo.

Haki ilitendeka, lakini tutazame ilipofikia. Walioshika panga walipatikana. Katika mashauri ya aina hii ni nadra sana kuona akisimama kizimbani yule aliyeagiza na kulipa fedha. Mwaka 1977 wajibu ulipanda juu mpaka kwa waziri. Katika biashara hii wajibu unashuka chini na kukomea kwa aliye maskini kuliko wote katika mnyororo. Kati ya panga na dhahabu wako mganga, dalali, mwenye duara, jirani aliyesikia akanyamaza, na pengine mzee wa kanisa anayejua fedha ya sadaka ya mavuno ilitoka wapi.

Kishawishi cha mwaka 1976 nacho kilirudi. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema hadharani kwamba anayewaua watu wenye ualbino naye auawe. Alipohojiwa Bungeni alilazimika kujieleza, na akatokwa machozi. Machozi yale yalikuwa ya kweli, na hasira ile inaeleweka. Hata hivyo Shinyanga ilikuwa imekwisha kufundisha mahali hasira ya namna hiyo inapoelekea.

Funguo na gharama

Sasa tufike kwenye jambo linalomgusa mchungaji moja kwa moja. Tuseme mwenye duara anakuja ofisini jioni. Anaungama kwamba miaka iliyopita alimlipa mganga, naye hakuuliza dawa ilitengenezwa kwa kitu gani. Anaomba kuombewa ili apate amani. Mchungaji afanye nini?

Jibu rahisi ni kuweka mkono kichwani na kutamka ondoleo. Sisi Walutheri tunalishika ondoleo la faragha, kama kifungu cha 11 cha Ungamo la Augsburg kinavyoagiza, na siri ya maungamo haivunjwi. Lakini kifungu cha 12 kinatukumbusha toba ni nini: majuto pamoja na imani, na matendo mema yakifuata kama matunda. Mtu anayetaka amani lakini hataki kujua mtoto wa nani alikufa, bado hajajutia dhambi. Anajutia usingizi alioupoteza. Kumpa ondoleo kwa haraka ni kumwuzia ndagu nyingine, safari hii kwa jina la Yesu. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyeuawa na Wanazi mwaka 1945, aliita jambo hili neema rahisi, naye aliliona kuwa adui wa Kanisa lake mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba tunarudisha haki kwa matendo. Sivyo. Daudi alisamehewa mara alipokiri mbele ya Nathani, bila kulipa chochote. Lakini Uria hakufufuka, na upanga haukuondoka nyumbani mwake (2 Samweli 12). Zakayo hakununua wokovu kwa kurudisha mara nne. Wokovu ulimfikia nyumbani, ndipo mkono wake ukafunguka (Luka 19). Msamaha huondoa hatia mbele za Mungu. Hauondoi matokeo katika nyumba ya mjane. Tena ni yule aliyesamehewa kweli ndiye anayeweza kuyatazama matokeo hayo bila kukimbia, kwa kuwa hayawezi tena kumhukumu jehanamu.

Kwa hiyo mchungaji asimfukuze mtu huyu, wala asimpe ondoleo la haraka. Amhubirie Sheria mpaka mtoto yule awe na uso. Amhubirie Injili kwamba damu ya Kristo inanena mema kuliko ile ya Habili (Waebrania 12:24). Kisha atembee naye, hatua kwa hatua, kuelekea kwa wale aliowakosea na kwa mamlaka ya nchi, akiwa tayari kuketi naye benchi moja siku hiyo. Waliohukumiwa kifo pia wasisahauliwe. Tangu katikati ya miaka ya 1990 adhabu hiyo haijatekelezwa nchini, nao wanaishi miaka mingi gerezani wakiwa wamehesabiwa wafu. Ikiwa hatuna neno kwao, basi hatuna neno kwa mtu yeyote.

Hitimisho

Makuhani waliopokea fedha kutoka kwa Yuda walikataa kuiweka katika hazina kwa sababu ilikuwa kima cha damu (Mathayo 27:6). Waliijua sheria ya fedha, lakini mtu aliyeuzwa hawakumjali. Sharika zetu katika ukanda wa dhahabu zinaweza kuwa hivyo, na zinaweza kuwa vibaya zaidi, yaani kuipokea fedha bila hata kuuliza.

Kielelezo cha Shinyanga kiendelee kuhubiriwa, lakini mahali pake. Mzee Mwinyi na wenzake hawakuwa mfano wa Mkombozi. Walikuwa wazee wa mji ulio karibu, waliokubali kupimiwa umbali. Mkombozi ni mmoja, naye amekwisha kufanya kazi yake. Kwa kuwa ameifanya, wachungaji na wanafunzi wa theolojia hawana tena sababu ya kuogopa kamba ya kupimia. Damu ikimwagika Kahama, Bukombe au Geita, na tushuke bondeni tukapime, hata kama umbali utaonyesha kwamba mji ulio karibu kuliko yote ni usharika wetu.