Mgeni na Mwenyeji katika Caput Nili ya Richard Kandt

Caput Nili (1904), kitabu cha Mjerumani Richard Kandt, husomwa kama safari ya kutafuta chanzo cha Nile. Makala haya yanakihakiki kama masimulizi ya mgeni anayejipatia makazi. Mwaka 1898 baraza la Mwami Musinga lilimwonyesha Kandt mtu mwingine aliyejifanya Mwami. Kwa mgeni, hiyo ni hila. Kwa mwenyeji, ni kinga ya mfalme kijana aliyetawazwa kufuatia mapinduzi ya Rucunshu (1896). Baadaye Kandt alijenga Shangi, kando ya Ziwa Kivu. Mwaka 1907 akawa Rezidenti wa Ujerumani nchini Rwanda. Alikita mizizi kwa sababu baraza nalo lilihitaji mshirika. Msomaji wa Gisenyi, kwenye ufuo wa kaskazini wa ziwa hilohilo, amtafute kitabuni mwenyeji anayefikiri, si mandhari pekee.