Mlango wa uani wa Nx

Waliochambua shambulio la Nx, zana ya kujenga programu, la Agosti 26, 2025 walivutwa na kioja: msimbo wa wizi ulioziamuru Claude, Gemini na Amazon Q, zilizokuwa kwenye kompyuta za wahasiriwa, ziwasakie wezi mafaili ya siri. Hiyo ni kachumbari tu. Pilau ilikuwa imeungua siku chache kabla.

Agosti 21 timu ya Nx iliongeza kazi ya GitHub Actions ya kukagua vichwa vya maombi ya kuunganisha msimbo. Kichwa, ambacho mwenye akaunti yeyote anaweza kukiandika, kikamwagwa moja kwa moja ndani ya amri ya Bash. Weka $(...) humo, mashine inatekeleza. Na kazi yenyewe iliendeshwa kwa pull_request_target, iliyoikabidhi tokeni yenye ruhusa ya kuandika.

Uzembe, ndiyo, lakini ulionekana usiku uleule. Kesho yake kazi ikaondolewa.

Kwenye tawi kuu tu!

Uamuzi huo hauna utetezi. Wakati ule pull_request_target ilisoma faili la kazi kutoka tawi linaloombwa kupokea msimbo, na tawi hilo huchaguliwa na mwombaji. Matawi ya zamani yalibaki na faili bovu. Washambuliaji wakalielekeza ombi lao huko, wakaitumia tokeni kuamsha publish.yml, kazi ya uchapishaji, wakaondoka na tokeni ya kuchapishia kwenye npm. Matoleo yenye sumu ya Nx yakakaa hewani kwa saa kadhaa. Baadaye Nx walihamia uchapishaji usiotumia tokeni za kudumu, vizuri.

Somo lilikuwepo. Desemba 2024 wenzao wa kampuni ya Ultralytics walipigwa kupitia jina la tawi, kasoro waliyoiziba Agosti kisha wakairudisha wenyewe, toleo 8.3.41 likabeba mchimbaji wa sarafu za kidijitali.

Vijana wa YAML, lugha ya kuandikia kazi hizi za GitHub, huicheka Perl. Basi Perl 5 ya Larry Wall, ya 1994, ilikuwa na swichi ya -T: data itokayo nje ilihesabiwa najisi, na programu ilikataa kuipeleka kwenye sheli kabla haijatakaswa. Leo tunamtegemea mtu akumbuke kukiweka kichwa kwenye env na kukizungushia alama za nukuu.

Desemba 2025 GitHub ilibadili kanuni: pull_request_target sasa husoma faili la kazi kutoka tawi kuu (la chaguo-msingi) la hazina pekee. Kichwa kinachomwagwa ndani ya Bash bado kinatekelezwa.