Ozoni Imalize Kazi Kabla ya Kufika kwa Samaki

Chupa nyingi za maji ya kunywa zinazouzwa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi huandikwa kwamba maji yake yametibiwa kwa ozoni, na mnywaji hana cha kuhofia. Ozoni ni oksijeni yenye atomi tatu badala ya mbili, na atomi hiyo ya tatu haitulii. Katika maji safi yasiyo na chumvi huua vijidudu, kisha gesi yenyewe hurudi kuwa oksijeni ya kawaida baada ya dakika kadhaa. Sifa hiyo ndiyo inayotumiwa kuwauzia mitambo ya ozoni watu wanaofuga samaki wa baharini na matumbawe: dawa kali inayofanya kazi na kutoweka bila kuacha kitu. Kwa maji ya chupa, maelezo hayo hayako mbali na ukweli. Kwa maji ya bahari hayafai hata kidogo, na mfugaji anayeyaamini hupanga mtambo wake vibaya tangu siku ya kwanza. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba ozoni katika akwariamu ya maji chumvi huwa salama na yenye faida pale tu kazi yake yote inapoanzia na kuishia ndani ya chombo cha kuchanganyia, kabla maji hayajarudi kwa viumbe. Mengine yote, yaani kiasi cha gesi, vipimo, mkaa na ukubwa wa pampu, yanafuata kutoka hapo.

Sababu iko kwenye chumvi yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 19 za kloraidi na miligramu 67 tu za bromaidi. Kloraidi ni nyingi kwa zaidi ya mara 280, lakini ozoni karibu haiigusi. Bromaidi huivamia papo hapo: kwa kasi ya mmenyuko inayojulikana, nusu ya ozoni iliyoyeyuka huwa imeshaliwa na bromaidi katika sekunde tano hivi. Kinachozaliwa ni asidi ya haipobromasi, ndugu wa klorini inayotiwa kwenye mabwawa ya kuogelea, na hiyo haitoweki kwa sekunde. Hudumu hadi ikutane na uchafu, amonia, au ngozi na matamvua ya samaki. Sehemu yake hugeuka polepole kuwa bromati, ambayo haina ukali huo kwa samaki lakini hukaa majini muda mrefu sana na mkaa hauikamati vizuri. Tangi la The Living Seas huko EPCOT, Florida, lililofunguliwa Januari 1986 likiwa na maji zaidi ya lita milioni 21, lilitoa fursa adimu ya kuyachunguza haya kwa kipimo kikubwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu maji yake ulionyesha jinsi bromati inavyojikusanya pale ozoni inapotumika mfululizo. Kwa hiyo anayepima kama kuna ozoni iliyobaki kwenye tangi lake anatafuta kitu kilichokwisha kuondoka. Anachopaswa kupima ni jumla ya vioksidishaji vilivyobaki, na kifaa cha kufanyia hivyo ni kile kile cha DPD cha kupimia klorini ya jumla bwawani, ambacho huyafanya maji yawe ya waridi.

Je, masalia hayo ni mengi kiasi cha kudhuru? Chukua tangi la lita 400. Kiwango kinachotajwa na wengi, akiwamo mkemia Randy Holmes-Farley katika makala zake za mwaka 2006, ni miligramu 0.3 hadi 0.5 za ozoni kwa saa kwa kila galoni ya Marekani, yaani karibu miligramu 0.1 kwa lita. Kwa tangi letu hiyo ni miligramu 40 kwa saa. Ikiwa pampu inapitisha lita 400 kwa saa kwenye chombo cha kuchanganyia, kila lita inayopita hupata miligramu 0.1 ya ozoni. Ikigeuka yote kuwa bromini na kuhesabiwa kwa kipimo cha klorini, kama wafanyavyo wapimaji, inakuwa karibu miligramu 0.15 kwa lita. Sasa linganisha na matokeo ya watafiti wa Ujerumani waliojaribu masalia ya ozoni kwa kamba weupe wa Pasifiki na kuchapisha mwaka 2010: kiwango ambacho kamba wachanga wangeweza kukaa nacho bila madhara kilikuwa miligramu 0.06 kwa lita. Waliowekwa muda mrefu kwenye 0.10 na 0.15 walipata magamba laini wakaliwa na wenzao, na 0.50 iliwaua nusu yao ndani ya saa 96. Ni kweli kwamba kwenye akwariamu halisi uchafu hula sehemu kubwa ya bromini hiyo, na maji yanayotoka kwenye chombo huchanganyika na mengine. Hata hivyo hesabu inaonyesha kuwa kipimo cha kawaida, kilichopendekezwa kwa nia njema, kiko upande wa juu wa mpaka wa hatari endapo hakuna kitu cha kuyanasa masalia mlangoni. Tena pampu ikizibwa na mwani hadi ipitishe lita 100 tu kwa saa huku mtambo ukiendelea kutoa gesi ile ile, mkusanyiko unaotoka kwenye chombo huongezeka mara nne.

Ndiyo maana mkaa amilifu si pambo la hiari. Mkaa huigeuza haipobromasi irudi kuwa bromaidi isiyo na madhara, nao hufanya hivyo haraka mradi maji yapite katikati yake, si pembeni ya mfuko ulioning'inizwa. Maji yote yanayotoka kwenye chombo cha kuchanganyia yapite kwenye mkaa, na hewa yote inayotoka juu yake ipite kwenye mkaa mwingine. Wengi hutumia mtambo wa kutoa povu kama chombo cha kuchanganyia, na unafaa, kwa sharti kwamba mipira yake ni ya silikoni: mpira wa asili hukakamaa na kupasuka. Kipimo cha DPD kifanyike kwenye maji yaliyokwisha kupita mkaani, na shabaha iwe kutoona waridi kabisa. Rangi hafifu haitoshi kumridhisha mtu, kwa sababu kiwango kilichowashinda kamba wale kiko karibu kabisa na ukingo wa kile ambacho jicho linaweza kutofautisha kwenye kifaa cha nyumbani.

Watakaonipinga kwanza ni wenye imani na ORP, kipimo cha milivolti kinachoonyesha mwelekeo wa maji kuoksidisha. Husema: kidhibiti changu kimewekwa 375, kikifika hapo kinaizima ozoni, mkaa wa nini? Mimi nakubali kidhibiti kiwepo, lakini sikubali kiwe mlinzi pekee. Milivolti hazigeuzwi kuwa miligramu za bromini kwa kanuni yoyote ya kuaminika, maana matangi mawili yanaweza kusoma 350 yakiwa na maji tofauti kabisa. Kipimo hicho huyumbishwa pia na pH: mwani ukifyonza kaboni dayoksaidi mchana na pH ikapanda kwa 0.3, ORP hushuka karibu milivolti 18 kwa hesabu ya kitabuni pasipo maji kuchafuka. Baya zaidi ni namna kinavyoharibika. Kitambuzi kikifunikwa na ukungu wa bakteria, husoma polepole na mara nyingi chini kuliko hali halisi. Kidhibiti nacho, kikiona namba ndogo, huendelea kuamuru gesi. Yaani hitilafu yake ya kawaida huelekea kwenye madhara. Jibu la maana ni kununua mtambo mdogo, ambao hata ukiwaka saa 24 bila kuzimwa na mtu hautoi zaidi ya kile ambacho mkaa unaweza kukinasa. ORP ibaki kuwa kengele ya kuonya kwamba kuna kilichobadilika.

Pingamizi la pili ni la wanaotaka ozoni iue magonjwa, hasa yale madoa meupe yanayoletwa na kimelea Cryptocaryon irritans. Hapa ndipo matumaini huzidi uwezo. Mfano mzuri ni majaribio ya kutibu maji ya balasti kwenye meli ya mafuta ya Tonsina, yaliyochapishwa mwaka 2006: ozoni ilipulizwa ndani ya matangi yaliyofungwa kwa saa 5 hadi 10, vioksidishaji vya bromini vikajengeka, na vijidudu na planktoni vikafa kwa wingi. Ilifanya kazi kwa sababu hakuna aliyetaka kitu chochote kibaki hai humo. Bromini iliachwa ijae kwenye maji yote, jambo ambalo mfugaji wa samaki hawezi kulithubutu. Yeye hutibu sehemu ndogo inayopita kwenye chombo, na hesabu ya sehemu hiyo haimpendelei. Pampu ya lita 400 kwa saa kwenye tangi la lita 400 haimaanishi kila tone limepita ndani ya saa moja. Maji yaliyotibiwa huchanganyika na ambayo bado, hivyo baada ya saa moja asilimia 37 hivi hayajapita hata mara moja, na baada ya saa tatu asilimia 5. Wakati huo kimelea kinaishi maisha yake kwingine: kinapokula kiko chini ya ngozi ya samaki, kinapozaliana kiko ndani ya gamba gumu lililoshikamana na mchanga na mawe kwa siku kadhaa hadi wiki. Kinachopita kwenye pampu ni wale wadogo waogeleao, tena baadhi yao tu. Ozoni inaweza kupunguza msongamano wao, lakini karantini ya samaki wapya haina mbadala.

Basi ozoni inafaa nini? Inafaa kuyang'arisha maji, na hapo haina mchezo. Umanjano wa tangi kongwe hutokana na molekuli kubwa za masalia ya viumbe ambazo hunyonya mwanga wa buluu. Ozoni na bromini huvunja viungo vile vile vya kaboni vinavyoleta rangi, na maji yakaangaa ndani ya siku chache. Lakini molekuli hazitoweki. Nyingi hukatwa vipande vidogo ambavyo bakteria huvila kwa urahisi, kwa hiyo jumla ya uchafu wa kikaboni inaweza isishuke sana hata kama macho yanaona maji mapya. Na kwa kuwa mwanga wa buluu sasa unafika chini bila kizuizi, matumbawe yaliyozoea giza yanaweza kuungua, hivyo ozoni ianzishwe kwa robo ya kipimo na kupandishwa kwa wiki kadhaa. Atakayesema mkaa peke yake nao huondoa umanjano yuko sahihi, nami naona kwa tangi la lita mia mbili au tatu mabishano yanaishia hapo. Ozoni huanza kuwa na maana kwenye mifumo mikubwa yenye samaki wengi wanaolishwa sana, ambako mkaa huchoka haraka na kuubadilisha ni gharama. Huko nako kuna bei nyingine isiyoonekana. Utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kuwa ozoni hugeuza iodaidi ya maji ya bahari kuwa iodati. Papa huchukua iodaidi kutoka kwenye maji, na rovu ni ugonjwa unaojulikana kwa papa wanaofugwa. Wenye papa kwenye mfumo wa ozoni hulazimika kuangalia iodini ya maji na ya chakula pia.

Kwa wanaofuga samaki katika mwambao wetu kuna la ziada, nalo ni hewa. Mitambo mingi ya bei nafuu hutengeneza ozoni kwa kupitisha cheche za umeme kwenye hewa ya chumbani, na hewa ya pwani, ambayo unyevu wake mara nyingi hupita asilimia 70, hupunguza sana kiasi cha ozoni na pia huzalisha asidi ya nitriki inayokula mtambo kutoka ndani. Chembe za silika za kukaushia hewa zinahitajika, na rangi yao ikibadilika zikaushwe kwenye oveni au zibadilishwe. Umeme nao ukikatika, maji yanaweza kurudi nyuma kupitia mrija hadi kwenye mtambo, na ukirudi, ozoni huwaka mara moja huku pampu pengine imejaa hewa na haisukumi kitu. Vali ya kuzuia maji kurudi na swichi inayoizima ozoni mtiririko unapokoma hugharimu kidogo kuliko samaki mmoja wa thamani. Na mapafu ya watu yasisahauliwe: kikomo cha sehemu za kazi Marekani ni sehemu 0.1 ya ozoni kwa milioni kwa saa nane. Pua huinusa mapema kuliko hapo, ila huizoea upesi, hivyo anayeingia chumbani kutoka nje ndiye wa kuaminiwa akisema kuna harufu. Ikisikika, mkaa wa upande wa hewa umechoka, na mtambo uzimwe kwanza kabla ya kutafuta sababu.

Kwa hiyo mpangilio wa kununua ninaoupendekeza ni kinyume cha ule wa madukani: kwanza mkaa mzuri na mahali pa kuyalazimisha maji yapite katikati yake, kisha kifaa cha DPD, kisha kikausha hewa na vali, na mtambo wa ozoni mwishoni, mdogo kuliko atakaokushauri muuzaji. Asiyekuwa tayari kuyapima maji ya mlangoni kila wiki asiununue kabisa. Mkaa na kubadilisha maji vitamtosha.